Ratiba Iachwe Tupu kwa Siku Mbili: Barua ya Wazi kwa UNEP

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP),
Gigiri, Nairobi.

Mheshimiwa,

Tarehe 2 Machi 2022, nyundo iliyotengenezwa kwa plastiki iliyorejelezwa iligongwa mezani huko Gigiri na ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Mataifa 175 yalikuwa yamekubaliana kuandika mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki, kazi iwe imekamilika mwishoni mwa 2024. Kuanzia hapo wajumbe wakawa watu wa safari: Punta del Este, Paris, Nairobi tena, Ottawa, Busan, na Agosti 2025 wakakutana Geneva. Mkataba haukupatikana. Paris kulitengwa siku tano, na karibu siku mbili za mwanzo zikaishia kwenye ubishi wa kanuni: mambo yakikwama, kura ipigwe au isipigwe?

Barua hii haiwalaumu watumishi wa shirika lako. Nchi inayoishi kwa mafuta, malighafi ya plastiki, haitasahau mafuta yake kwa sababu viti vimepangwa kwa duara, na anayedai kwamba kuna namna ya kuendesha mkutano inayoweza kufuta maslahi ya mataifa anadanganya. Kinachoombwa ni kidogo zaidi ya hicho, nacho kinawezekana: siku mbili kabla ya kikao kijacho cha Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa, milango ya Gigiri ifunguliwe kwa mkutano usio na ratiba, ambao wenye kubeba mzigo wa plastiki, ukame na mafuriko wataupangia mada wao wenyewe.

Jambo hili si ndoto. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Harrison Owen, aliandaa mkutano wa kimataifa uliomla mwaka mzima wa matayarisho. Ulipokwisha, waliohudhuria walikiri, naye akakiri pamoja nao, kwamba kilichonoga kuliko vyote ni mapumziko ya kahawa. Basi mwaka 1985, katika mji wa Monterey, California, akajaribu kuandaa mkutano wenye mapumziko matupu. Watu wapatao 85 waliketi kwa duara mbele ya ukuta usio na kitu. Mwenye jambo linalomkera aliliandika kwenye karatasi, akalitaja kwa sauti, akalibandika ukutani pamoja na saa na mahali pa kukutania. Haikuchukua muda mrefu ukuta ukajaa na siku zote za mkutano zikawa na shughuli.

Owen hakuficha alikojifunzia. Miaka ya 1960 alifanya kazi Liberia, na katika kijiji cha Balamah akashuhudia sherehe za jando zilizochukua siku nne, mamia ya watu wakila, wakicheza na kufuata taratibu zao, bila kamati ya maandalizi ambayo yeye aliweza kuiona. Mbinu inayofundishwa leo katika ofisi za Ulaya na Marekani ina deni kwa kijiji cha Afrika Magharibi, na shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Afrika lina kila sababu ya kulikumbuka deni hilo.

Kanuni za mbinu hiyo ni chache. Waliofika ndio wanaohusika. Mazungumzo yakianza yameanza, yakiisha yameisha, hayavutwi ili kujaza saa. Na aliyeona hajifunzi wala hachangii ana ruhusa, tena ana wajibu, wa kuinuka na kwenda kundi jingine. Hebu mtu aipime hotuba ya waziri ya dakika arobaini kwa kanuni hiyo ya mwisho!

Ukweli ni kwamba mikutano ya namna hii tayari inafanyika ndani ya kumbi za Umoja wa Mataifa, ila hufanyika kwa kubahatisha. Desemba 2011, mkutano wa tabianchi wa Durban ulikuwa umepitiliza muda wake kwa zaidi ya siku moja. Usiku wa kuamkia Jumapili, Umoja wa Ulaya na India walikuwa wamekwama kwenye maneno machache ya kisheria. Mwenyekiti, Maite Nkoana-Mashabane wa Afrika Kusini, akasitisha kikao na kuwaomba Connie Hedegaard wa Ulaya na Jayanthi Natarajan wa India wayamalize palepale ukumbini. Wajumbe wakawazunguka, wote wamesimama, hakuna meza wala vibao vya majina ya nchi. Mjumbe wa Brazili akatoa kauli ya kuwapatanisha, ikakubalika. Hapo ndipo ilipoanzia njia iliyofika kwenye Mkataba wa Paris wa 2015.

Kwa hiyo hoja ya kwamba mambo mazito hayawezi kuzungumzwa nje ya ratiba imeshajibiwa na wanadiplomasia wenyewe. Kilichobaki ni kuuliza nani anaruhusiwa kusimama kwenye duara lile, na kwa nini lingoje mpaka watu wawe hoi kwa kukosa usingizi.

Upande wa pili wa jiji hilohilo la Nairobi kuna jaa la Dandora. Anayeokota taka pale anajua ni plastiki ipi yenye mnunuzi na ipi haina: chupa za maji zinauzwa kwa kilo, vifungashio vidogo vya tabaka nyingi havina anayevitaka. Ujuzi huo ndio hasa unaokosekana wajumbe wanapobishana kuhusu muundo wa bidhaa. Ni kweli vyama vya waokota taka vimeingia kwenye majadiliano ya mkataba kama waangalizi, na hilo ni hatua. Lakini mwangalizi husubiri serikali zimalize, kisha hupewa dakika chache ikiwa muda umebaki. Kuitisha kikao chake mwenyewe, akamwita mtaalamu wa Norway na mjumbe wa Saudia waje kumsikiliza, hilo bado.

Afrika Mashariki ina watu wenye uzoefu wa kutosha wa kuongoza mikutano kama hiyo. Mwaka 1999, Mpwapwa mkoani Dodoma, wakulima walianzisha vikundi vya kupanda miti vilivyokuja kuitwa TIST, vikaenea hadi Kenya, Uganda na India. Kikundi kina watu 6 hadi 12. Hukutana kila wiki, na uongozi huzunguka: msaidizi wa leo ndiye kiongozi wa zamu ijayo, mwanamke kwa mwanamume, kijana kwa mzee. Mwisho wa kila kikao hufanyika kujengana, yaani kila mmoja anamwambia kiongozi wa siku hiyo jambo mahususi alilolifanya vizuri. Mtu wa mjini anaweza kuona huo ni mchezo. Lakini ndani ya vikundi hivyo wakulima wamejifunza kuhesabu miti yao, kuweka kumbukumbu na kuuza hewa ukaa kwenye soko la dunia.

Pwani nako kuna Mikoko Pamoja, katika Ghuba ya Gazi, Kwale. Tangu 2013 wanavijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko na kuuza kaboni inayohifadhiwa humo. Fedha zikipatikana, wananchi hukaa barazani na kuamua: maji, shule, au nini. Hakuna aliyewaletea orodha kutoka nje.

Pamoja na hayo, isisahaulike Kasarani. Huko, Januari 2007, Nairobi ilipokea Jukwaa la Kijamii la Dunia, mkusanyiko wa vikao vingi vilivyoitishwa na washiriki wenyewe. Mlangoni Mkenya alitakiwa alipe shilingi 500, fedha ambazo mkazi wa mitaa ya mabanda hakuwa nazo. Watu wakaandamana mpaka lango likafunguliwa. Ndani, chakula kilikuwa ghali. Isitoshe, kwa mujibu wa katiba ya jukwaa lenyewe, hakuna aliyeruhusiwa kutoa tamko kwa niaba ya wote, hivyo mengi mazuri yaliyosemwa pale hayakuwa na pa kupelekwa. Mkutano huru usio na mlango wa kuufikisha kwenye maamuzi unawachosha watu bure.

Makosa hayo mawili yanaweza kuepukwa Gigiri. La kwanza ni la fedha: nauli na malazi ya washiriki yalipwe, kiingilio kisiwepo, na vigezo vya usajili vinavyodai taasisi yenye shughuli za kimataifa viwekwe kando kwa siku hizo mbili. Ushirika wa waokota taka wa mtaa mmoja hauna ofisi Geneva. Waalikwe pia mafundi wa Lamu walioiunda Flipflopi, jahazi la plastiki taka lililosafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, na wakulima wa Mpwapwa wenyewe.

La pili ni la maamuzi. Kila ujumbe wa nchi utoe angalau mtu mmoja wa kukaa kwenye vikundi, si kama mgeni rasmi bali kama mshiriki. Kila kikundi kiandike ukurasa mmoja, na kurasa hizo ziwe mezani kwa wajumbe kabla Baraza halijafunguliwa, zikiwa na namba za nyaraka kama karatasi nyingine yoyote ya kikao.

Lugha nayo iangaliwe. Umoja wa Mataifa una lugha rasmi sita, na Kiswahili hakimo, ingawa UNESCO imekipa siku yake ya dunia, tarehe 7 Julai. Mkutano huu ungekuwa Nairobi. Wakalimani wa Kiswahili wapo Nairobi hiyohiyo na hawahitaji tiketi za ndege.

Mheshimiwa, gharama ya siku mbili hizi ni ndogo ukiilinganisha na duru moja tu ya majadiliano kama ile ya Busan au Geneva, duru ambazo zilimalizika bila mkataba. Ofisi yako inao uwezo wa kupendekeza jambo hili kwa kamati inayoandaa kikao kijacho. Inaombwa ilipendekeze, na ijibu hadharani, kwa Kiswahili pia, ikiwa haitafanya hivyo.