Baridi ya Bahari Ianzie Wodini

Machi mwaka jana nilikaa na mama siku tisa hospitalini, Mombasa. Wodi nzima feni moja. Mimi na binti wa bibi wa kitanda cha pili tukapokezana kipande cha katoni kuwapepea wagonjwa. Juu yetu kulikuwa na ofisi za wakubwa, kiyoyozi kinanguruma, maji yanatudondokea dirishani.

Ndiyo maana nikisikia ati maji baridi ya kilindini yatapoza hoteli zetu za ufuoni, hasira hunipanda. Hoteli? Kwanza?

Teknolojia yenyewe sina ugomvi nayo. Unashusha bomba hadi mita 900 hivi, unapandisha maji ya nyuzi 5, yanapita kando ya maji matamu yanayozunguka jengoni, yanayachukulia joto, kisha yanarudi baharini. Stima inayoliwa ni ya pampu, basi. Bora Bora walianza na hoteli mwaka 2006. Lakini Tahiti, mwaka 2022, bomba kama hilo likaingia hospitali kuu ya Taaone. Hapo ndipo nataka tuangalie.

Mtaniambia ni ghali. Kweli, ni ghali sana. Honolulu walipanga miaka na miaka, gharama zikapanda, mwaka 2020 wakaachana nao. Sasa fikirieni: bomba la bei hiyo linahitaji mteja wa aina gani? Hoteli za Pwani mwezi wa Mei, mvua na kusi, nusu ni tupu, nyingine zimefunga kabisa. Hospitali haina msimu. Inahitaji baridi usiku na mchana, thieta, maabara, mochari, wodi. Hata kwa hesabu ya mfanyabiashara mgonjwa anamshinda mtalii.

Bila shaka kuna kazi ya kufanywa kabla. Kina hicho kiko umbali gani kutoka kwetu? Likiwa refu mno, hesabu inakufa. Na madirisha yatiwe kivuli kwanza, bana; wazee wa Mji wa Kale walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe, sisi tunajenga vioo halafu tunalia joto.

Jambo la wavuvi nalo lisiachwe hadi siku ya kukata utepe. Maji ya kilindini yana rutuba nyingi. Ukiyamwaga karibu na miamba, mwani utaota juu ya matumbawe na samaki watahama. Yarudishwe chini kabisa, na wavuvi wakae mezani wakati ramani bado ni ya penseli.