Maoni Yetu: Taarifa ya mwananchi ipewe namba

Kila maafa yanapotokea mjini, wito ni ule ule: wananchi, toeni taarifa mapema. Wito ni mzuri na tunauunga mkono, ila unapelekwa kwa mtu asiyehusika na kasoro iliyopo. Wakazi wa Dar es Salaam hutoa taarifa. Humwambia mjumbe, humfuata mwenyekiti wa mtaa, humpigia diwani, na anayekwenda ofisi ya kata kufuata barua ya utambulisho huchomekea na habari ya mtaro ulioziba. Kinachokosekana ni mahali ambapo taarifa ikishapokelewa haipotei.

Tuanze na jambo dogo: chemba isiyo na mfuniko. Mfuniko wa chuma umeondoka usiku kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Asubuhi shimo liko wazi pembeni mwa njia wanayopita watoto wa shule ya msingi. Mama anayeuza vitumbua jirani na hapo anachomeka tawi la mti, anafunga kitambaa chekundu, kisha anakwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mtendaji anamsikiliza, pengine anaandika kwenye kauntabuku, pengine haandiki, halafu anamwambia hilo ni suala la DAWASA. Ikiwa chemba ni ya majitaka, sawa. Ikiwa ni ya maji ya mvua kwenye barabara ya mtaa, ni ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Ikiwa barabara ni kuu, ni ya TANROADS. Na ikiwa ndani yake mna nyaya, atafutwe mwenye nyaya.

Mama huyo hana namna ya kuyajua yote hayo, wala hatuoni kwa nini alazimike kuyajua. Ameshafanya sehemu yake, tena kabla ya mtu yeyote. Kujua shimo ni la nani ni kazi ya ofisi. Kumrudisha mtu barabarani akatafute mwenyewe taasisi inayohusika ni kumfundisha kwamba safari ijayo asijisumbue. Tawi litanyauka, kitambaa kitapauka, na siku mvua za masika zikifunika barabara hakuna atakayeliona shimo.

Tutaje pia mapagale. Karibu kila mtaa wa jiji hili una nyumba ambayo mwenyewe aliishia kwenye lenta, akahama, akafariki au warithi wakaingia mahakamani. Nyasi zinaota ndani, mashimo ya msingi yanatuama maji na mbu, vibaka wanapata pa kujibanza. Wasichana wanaotoka kazini usiku hulikwepa kwa kuzunguka njia ndefu. Majirani wanajua nyumba ni ya nani, na mara nyingi hata namba ya simu ya mtoto wa marehemu wanayo. Halmashauri ingemaliza nusu ya kazi kwa kuwauliza tu.

Kwenye majengo ya ghorofa, kosa la kutosikia huhesabiwa kwa maiti. Jumamosi asubuhi ya Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, kwenye eneo la mitaa ya Mchikichi na Kongo. Watu wapatao 30 walikufa. Walioshuhudia walieleza kwamba chini ya jengo kulikuwa kukichimbwa ili kuongeza nafasi ya biashara. Sasa, Kariakoo hakuna anayechimba kwa siri. Udongo lazima utolewe nje, makuli wanauona, mamalishe wanauona, mpangaji wa juu anasikia nyundo na kuona ukuta ukitoka nyufa. Hatusemi kwamba yupo aliyeripoti akapuuzwa. Tunachouliza ni hiki: mfanyabiashara aliyeingiwa na hofu Ijumaa jioni, ofisi zikiwa zimefungwa, angekwenda wapi? Na huko ambako angekwenda, ni nani mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi usiku huo huo na kuwatoa watu ndani?

Miaka 11 kabla ya hapo, Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa likijengwa katikati ya jiji, karibu na Mtaa wa Indira Gandhi, lilianguka na kuua watu 36. Ikabainika baadaye kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10, nalo lilikuwa limefika 16. Ghorofa sita za ziada hazifichiki. Maelfu ya watu walipita hapo kila siku wakizitazama zikipanda, lakini hakuna mpita njia aliyekuwa na njia rahisi ya kujua kwamba zimezidi. Hapo tuna pendekezo lisilo na gharama yoyote. Bango linalowekwa kwenye eneo la ujenzi, lenye majina ya mkandarasi na mhandisi, liandikwe pia kwa herufi kubwa idadi ya ghorofa zilizoidhinishwa na namba ya kupiga zikizidi. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara atakuwa mkaguzi asiyelipwa mshahara, na mwenye jengo atajua kwamba anahesabiwa.

Nairobi nako wanayo kumbukumbu yao. Aprili 29, 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la makazi la Huruma lilianguka na kuua watu karibu 50. Mamlaka zilieleza baada ya hapo kwamba jengo lilikuwa limeshaorodheshwa miongoni mwa yale ya kubomolewa. Yaani taarifa ilikuwapo, hukumu ilikuwapo, na wapangaji waliendelea kulipa kodi na kulala humo. Ndiyo maana haitoshi kupokea taarifa. Ni lazima iwe na tarehe ya mwisho na jina la ofisa wa kuulizwa tarehe hiyo ikipita.

Tunajua utetezi wa halmashauri, na sehemu yake ni ya kweli. Mtendaji wa mtaa ni mmoja, ana kazi za michango, usafi, ugomvi wa mipaka, barua za utambulisho na takwimu za kila idara. Mhandisi wa manispaa anasubiri gari, gari linasubiri mafuta. Fedha za kufunika kila mtaro hazipo na hatuzidai zipatikane kesho. Lakini jibu la "fedha zake hazipo mwaka huu, limewekwa kwenye mpango wa mwaka ujao" ni jibu la heshima, na mkazi wa Manzese au Mbagala analielewa vizuri kabisa kwa sababu hata nyumbani kwake bajeti ni hivyo hivyo. Kinachomuudhi ni ukimya. Anaripoti Januari, anauliza Machi, anaambiwa aliyeipokea taarifa amehamishwa, aanze upya.

Namba ya kumbukumbu ndiyo dawa ya hilo. Jiji la New York lilianzisha simu ya namba 311 mwaka 2003, na mkazi akilalamikia shimo, kelele au mwenye nyumba asiyetengeneza bomba, hupewa namba ya lalamiko lake na kulifuatilia kwa namba hiyo. Orodha ya malalamiko huwekwa wazi mtandaoni, pamoja na idara iliyokabidhiwa na kama limefungwa. New York ina fedha nyingi kutushinda, lakini kumpa mtu namba si jambo la fedha. Fundi cherehani humpa mteja kikaratasi chenye namba ya nguo yake, sembuse jiji.

Wala hatuanzi patupu. Mamlaka ya Serikali Mtandao imeshatengeneza e-Mrejesho, mfumo wa kupokea malalamiko, maulizo, mapendekezo na pongezi za wananchi kwa taasisi za umma. Shida ni kwamba mfumo uko juu na kauntabuku iko chini, na mama wa vitumbua anakwenda kwenye kauntabuku. Basi mtendaji wa mtaa ndiye awe mlango. Mwananchi aseme kwa mdomo, kwa Kiswahili chake, mtendaji aingize kwenye mfumo kwa simu yake, na mwananchi aondoke na namba iliyoandikwa kwenye karatasi au iliyotumwa kwa ujumbe mfupi. Kuanzia hapo ni juu ya ofisi kuamua kama shimo ni la DAWASA au la TARURA. Namba ibaki ile ile hata jambo likihamishwa taasisi tatu.

Na asiwepo wa kusema kwamba wakazi hawana ujuzi. Mwaka 2011 wakazi wa Tandale pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walichora ramani ya kata yao, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukaipeleka kazi hiyo katika kata nyingine zinazosumbuliwa na mafuriko. Vijana walitembea na simu mkononi wakiandika mitaro, njia, vyoo na maeneo yanayojaa maji. Watu walioweza kuchora jiji wanaweza kulieleza shimo lililo mlangoni kwao.

Lipo moja gumu zaidi, nalo ni hofu. Mpangaji anayeripoti nyufa za nyumba anajua kwamba mwenye nyumba anaweza kumpa notisi wiki hiyo hiyo. Fundi anayesema nondo zimepunguzwa anajua hatapata kazi nyingine kwa bosi huyo wala kwa marafiki zake. Jirani anayelalamikia gereji inayomwaga oili mfereji wa mvua anaitwa mnoko, na kesho yake anakuta tairi la bodaboda yake limetobolewa. Tangu mwaka 2015 nchi ina sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, lakini ulinzi wa sheria hauna maana ikiwa jina la aliyeripoti linasomwa kwa sauti ofisini mbele ya watu waliokaa kwenye benchi. Jina la mtoa taarifa lisionekane kwa anayelalamikiwa. Na mkaguzi anapofika asiseme "tumeletewa malalamiko na mpangaji wako". Aseme amekuja kukagua, basi.

Tunatambua kuwa wapo watakaoitumia nafasi hii kulipiza visasi. Ugomvi wa mpaka huzaa ripoti za uongo, na mwenye duka humchongea mshindani wake. Rekodi inasaidia hapo pia, kwa sababu mtu anayeripoti jambo lile lile mara tano na mkaguzi akakuta hakuna kitu ataonekana kwenye orodha. Kauntabuku isiyosomwa na mtu haiwezi kumkamata mwongo wala kumsaidia mkweli.

Kwa yale ya dharura, mwananchi asisubiri mtendaji. Jengo likianza kulia na kupasuka, moto ukiwaka, mtu akinaswa, ni 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au 112 kwa Polisi. Namba hizo zibandikwe kwenye mlango wa kila ofisi ya mtaa, kila stendi ya daladala na kila ngazi ya jengo la biashara Kariakoo. Na anayepokea simu hizo awe na orodha ya wahandisi wa zamu wa manispaa, usiku na sikukuu, kwa kuwa Ijumaa Kuu na Jumamosi asubuhi ndizo siku zilizotuua.

Wenyeviti wa mitaa walioko madarakani walichaguliwa Novemba 27, 2024, siku 11 baada ya jengo la Kariakoo kuanguka. Wengi wao waliomba kura wakati vifusi vikiwa bado vinazungumzwa kila kijiwe. Tunawataka wafungue orodha ya mtaa mapema, kwa mambo matatu tu: kilichoripotiwa, aliyekabidhiwa, tarehe ya majibu. Wakiibandika ubaoni nje ya ofisi, wakazi wataisoma wenyewe bila kuitiwa mkutano.

Kwa wakurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, ombi letu ni moja. Baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka kupokea taarifa za utendaji. Kwenye kikao kijacho isomwe, kata kwa kata, idadi ya taarifa zilizoletwa na wakazi, zilizomalizwa, na zilizovuka siku 30 bila jibu. Kwa kila iliyovuka, mkuu wa idara husika asimame aeleze imekwamia wapi.