Kabla ya kumpaka mtoto krimu, mzazi ajue kinachomwasha

Mtoto akianza kujikuna, wazazi wengi hukimbilia duka la dawa na kununua krimu aliyoisifia jirani. Siku mbili tatu muwasho hutulia, kisha hurudi ukiwa mkali zaidi. Mara nyingi kinachokosekana ni kuujua ugonjwa wenyewe.

Ngozi ni ukuta wa mwili na ina tabaka tatu. La juu huzuia vijidudu visiingie na maji yasipotee. La kati lina mishipa ya damu, mizizi ya nywele na tezi za jasho linalopoza mwili. La chini ni mafuta yanayotunza joto. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, hivyo dawa anayopakwa hupenya haraka.

Upele. Huletwa na mdudu mdogo sana anayechimba tabaka la juu na kutaga mayai humo. Huwasha zaidi usiku, hasa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kwapani na kiunoni. Nyumba nzima hutibiwa siku moja, hata asiyejikuna, kwani aliyeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuwashwa. Nguo na mashuka hufuliwa kwa maji ya moto siku hiyohiyo. Muwasho ukiendelea kwa wiki 2 hivi baada ya tiba, haina maana kwamba dawa imeshindwa.

Mashilingi. Hawa ni fangasi. Huchora duara lenye kingo zilizoinuka na magamba. Yakiwa kichwani na nywele zinakatika, krimu haitoshi; mtoto huhitaji dawa ya kumeza kutoka kwa daktari. Vitana na kofia visichangiwe.

Pumu ya ngozi. Ngozi hukauka na kuwasha kwenye mikunjo ya viwiko na magoti. Kwa wachanga, mashavuni. Haiambukizi. Husaidia kuogesha kwa muda mfupi, kutumia sabuni isiyo na manukato na kupaka mafuta mazito mara baada ya kuoga.

Hatari iko kwenye krimu zenye steroidi. Kwa pumu ya ngozi zinafaa, daktari akielekeza. Zikipakwa kwenye mashilingi, hutuliza muwasho huku fangasi wakisambaa, na duara hupoteza umbo kiasi cha kumpa shida hata mtaalamu. Zikitumika muda mrefu hudhoofisha ngozi.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, hivyo mzazi aguse kuona kama pana joto, uvimbe au maumivu. Usaha, homa au vidonda vinavyosambaa ni sababu ya kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyekuwa na vidonda, kisha uso ukavimba au mkojo ukawa na rangi ya chai: bakteria wa vidonda hivyo wanaweza kusababisha ugonjwa wa figo.