Taa ya motere imewaka? Upime mbele, ununue nyuma

Ndugu mfanya kazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu wakati baba yuko posti ya usiku, leo hatusemi juu ya kofia ya kazi wala viatu vya chuma. Tunasema juu ya motokari inayolala mbele ya nyumba yako. Utaniuliza: hiyo nayo ni mambo ya usalama na afya? Ndiyo, kabisa.

Siku hizi wengi wetu tumenunua motokari za okazioni. Nyingi zinatoka Ujapani, zinashuka bandarini Dar es Salaam, zinapita Zambia mpaka Kasumbalesa, usukani ukiwa upande wa kuume. Zinafika kwetu na uzee wake. Kiisha siku moja taa ndogo ya manjano, yenye picha ya motere, inawaka mbele ya macho yako. Unakwenda kwa mekanisie, anachomeka skanere, anasoma herufi tatu: EGR. Anasema: «Patroni, kaptere ya vane imekufa. Leta feza.»

Mimi nasema: usilete feza kwanza.

Nasema hivyo kwa sababu mimi niliileta. Nilinunua vane nzima ya okazioni, pamoja na kaptere yake. Taa ilizimika siku mbili, ikarudi. Mtu wa pili akanishauri kukata kipande cha bati na kuziba njia, «mambo yaishe». Wa tatu alikuwa mzee mmoja fundi wa umeme. Hakugusa vane. Alifuata waya kwa vidole vyake mpaka mahali ilipokuwa ikisugua chuma cha batri, ngozi yake imelika. Kazi ya nusu saa. Lakini feza ya masomo ya mtoto wangu mkubwa ilikuwa imekwisha kwenda kwa vane, na vane ile ya zamani, iliyokuwa nzima, sikuiona tena.

Sasa sikiliza namna kitu hiki kinavyofanya kazi. Vane ya EGR ni mlango mdogo kati ya tiyo ya moshi na tiyo ya hewa inayoingia ndani ya motere. Inarudisha sehemu ya moshi ndani, ili moto wa motere usipande kupita kiasi, maana moto mkali sana ndio unaozaa gezi zinazoitwa NOx. Katika motokari nyingi, juu ya mlango huo kuna kaptere, ndiyo kidude kinachoambia ordinatere mlango umefunguka kiasi gani. Kwa hiyo tuna vitu vitatu, si kimoja: mlango, kaptere na waya. Kila kimoja kinaweza kuwasha taa ileile.

Basi mwombe mekanisie akuonyeshe namba, si herufi tu. P0401 maana yake moshi unaorudi ni kidogo; mara nyingi masizi yameziba njia, na kaptere haina kosa. P0404, mlango haufiki mahali ulipoamriwa. P0405 na P0406 ndizo zinazogusa njia ya kaptere yenyewe: ya kwanza umeme unaorudi ni wa chini mno, ya pili ni wa juu mno. Hata hapo skanere haikusema kwamba kaptere imekufa. Imesema umeme unaorudi haufai. Waya iliyokatika nayo inasema vilevile.

Kupima hakuhitaji mashini kubwa. Zima motere, ungoje ipoe vizuri, maana vane na tiyo zake zinachoma ngozi mara moja. Vua saa na pete. Tazama prizi: kuna kutu ya kijani, maji, mafuta? Shika waya na kuifuata polepole mpaka mwisho, kama mzee yule alivyofanya. Ukikuta ubaya hapo, umekwisha kushinda.

Kama hukuona kitu, chomoa prizi, tia kontakti bila kuwasha motere, na uchukue voltimetre. Kwa desturi kaptere ina waya 3: moja inaleta volti 5, moja ni masi, na ya tatu inarudisha jibu. Prizi ikiwa na waya 5 au 6, zile nyingine ni za kusukuma mlango; hapo tafuta plani ya motokari yako, usibahatishe. Volti 5 zikikosekana, usinunue kaptere: ubaya uko kwenye waya, au kaptere nyingine inayokula umeme uleule imeharibika na kuuvuta chini.

Volti 5 zikiwapo na masi ikiwa nzuri, zima kontakti, rudisha prizi, tia kontakti tena, upime waya ya jibu kwa upande wa nyuma wa prizi. Katika motokari nyingi, mlango ukiwa umefungwa utaona kati ya volti 0,5 na 1. Skanere nzuri inaweza kuamuru mlango ufunguke polepole (vidole vikae mbali), na volti zipande taratibu mpaka 4 au kupita. Zikiruka, zikianguka halafu kurudi, pima tena motere ikiwa na joto kidogo. Zikiruka tena, na waya ni nzima, sasa ndiyo unaweza kulipa kaptere bila majuto.

Mlango uliokwama wazi una dalili zake: motere inatetemeka kwa ralanti, inazimika, inakosa nguvu mlimani, na ile ya mazuti inatoa moshi mweusi. Mara nyingi ni masizi, na sisi tunaoendesha motokari kutoka kambi mpaka mlango wa kazi tu, motere haijapata joto tukaizima, tunayajaza wenyewe. Kusafisha kunatosha mara nyingi. Lakini si kwa esansi ndani ya beseni karibu na jiko la makala, na si kwa mtoto kushika taa.

Narudi kwa lile bati. Wengi wanalipenda, maana ni rahisi. Mimi nalikataa. Sitakudanganya: vane hii haiondoi masizi, kazi yake ni kupunguza NOx. Lakini NOx ndizo gezi zinazochoma njia ya pumzi na kuamsha asima ya watoto, na motokari yako unaiwasha asubuhi chini ya dirisha wanapolala. Ukiziba mlango, umeficha ugonjwa wa motere na kuutoa kwa jirani.

Juu ya moshi wa mazuti, sisi wa mashimo tusicheze. Mwaka 2012, shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa watu. Kati ya ushuhuda uliopimwa ulikuwamo uchunguzi wa Marekani juu ya wafanya kazi 12.315 wa mashimo 8, ya chumvi, mawe ya chokaa na mengineyo. Waliovuta moshi mwingi walikufa zaidi kwa kansa ya mapafu. Wale walikuwa watu wa kazi kama sisi.

Kwa hiyo, motere ikihitaji kuwashwa kwa kupima, iwashe nje. Si ndani ya garaji, hata mlango ukiwa wazi nusu kwa sababu ya mvua. Kuna gezi ya moshi, oksidi ya karboni, isiyo na rangi wala harufu. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika. Mtu anafikiri ni malaria, anakaa chini kidogo, haamki. Mama, ukisikia motere inanguruma muda mrefu ndani ya garaji iliyofungwa, fungua milango yote kutoka nje, uite watu, uwatoe watoto mbali. Aliyeanguka atolewe kwenye hewa safi na kupelekwa hospitali haraka, na mwambie muganga neno hili kwanza: alikuwa ndani ya moshi wa motokari.