Eti Inalaza

Kuna hukumu moja ambayo vijana wenzangu huitoa kwa kila tamthilia inayochukua muda wake: "Inalaza." Dakika kumi zimeisha na hakuna aliyepigwa kofi, inalaza. Mama anaangalia kikombe cha chai bila kukinywa, inalaza, songesha mbele bana. Nimeisikia ikisemwa kuhusu Bloodline mara nyingi sana, na leo nataka kuitetea, kwa sababu nadhani wanaoilalamikia wanaikana familia yao wenyewe.

Netflix iliitoa mwaka 2015 na kuifunga 2017, misimu mitatu, vipindi 33. Familia ya Rayburn ina hoteli ya ufukweni huko Florida Keys, Marekani. Wazazi wanaheshimika, watoto wamejipanga. Halafu Danny, kifungua mimba, anarudi kwa sherehe ya miaka 45 ya hoteli na kusema angependa kubaki asaidie kazi. Basi. Hilo ndilo bomu. Mtu ameomba kukaa kwao.

Na maiti mlipewa! Kipindi cha kwanza hakijaisha na tayari tumemwona John, mdogo wake, akiuburura mwili wa Danny kwenye mvua. Kwa hiyo swali la nani amemuua nani halipo. Kinachobaki ni kutazama jinsi watu wanaopendana, wanaokula meza moja, wanavyofika hapo hatua kwa hatua. Hiyo safari huwezi kuipeleka mbio. Ukiipeleka mbio inakuwa ajali tu.

Sasa njoo huku kwetu Kanja, kwenye miteremko ya chai na kahawa, uniambie kama humjui Danny. Alienda Nairobi au Mombasa, akanyamaza miaka kadhaa, na mzee alipoanza kuumwa akashuka stejini na begi moja. Hakuna anayemuuliza amefuata nini. Anachinjiwa kuku. Usiku huohuo mtu anaitoa hati ya shamba kabatini na kuilaza chini ya godoro. Kesho yake mgeni anasaidia kuchuma majani, na kuna anayehesabu kilo kimoyomoyo, maana namba ya mkulima iko kwa jina la mzee na bonasi inaingia Oktoba. Jioni shemeji anamwongezea ugali na kumuuliza akitabasamu: "Na sasa utakaa siku ngapi?"

Ukikulia hapa unajua hicho ni kisu. Sasa niambie ungekipiga picha vipi kwa sekunde tatu na muziki wa ngoma.

Hata sheria yenyewe inatembea polepole. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika 1981, haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike. Lakini kabla ya korti kuna barua ya chifu inayotaja warithi, na hiyo barua ni kitu cha kutisha kuliko bastola yoyote. Kaka anaenda ofisini asubuhi na mapema na kutaja majina matatu. Dada aliyeolewa Chuka "amesahaulika". Kisha tangazo linachapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, siku 30 za pingamizi, na nani kijijini husoma gazeti hilo? Kisha kwa kawaida miezi sita kabla ya korti kuthibitisha nani anapata nini. Miezi sita mnakutana harusini, kanisani, kwenye buying center ya chai, mnasalimiana vizuri kabisa. Kama hiyo si tamthilia ya kutia baridi mgongoni, sijui ni nini.

Ila kwenye runinga yetu urithi ni wakili mwenye suti anayesoma wosia sebuleni, mtu anazimia, matangazo.

Country Queen ilikaribia. Ilitoka 2022, vipindi sita, ikawa tamthilia ya kwanza ya Kenya yenye chapa ya Netflix. Akisa, anayeigizwa na Melissa Kiplagat, anarudi kijijini Tsilanga baada ya miaka mingi jijini. Kuna wazazi, kuna siri, kuna ua ambao kila mtu anauvuka kwa tahadhari. Mimi ningekaa kwenye ule ua vipindi vyote sita. Lakini kampuni ya dhahabu inaingia, na ikiingia lazima kukimbizana, na wale wazazi wanageuka watu wa kupitia.

Najua hoja ya upande wa pili. Wengi wetu tumelelewa na DJ Afro, na hakuna anayechekesha kumshinda, lakini kwake kimya ni kiti kitupu, lazima mtu akikalie. Hoja nzito zaidi ni bando. Ukinunua ya saa moja, kila dakika ambayo Danny anaangalia bahari unailipia. Hapo nakuelewa kabisa. Lakini basi lalamikia bei ya intaneti, usimlaumu Danny. Tena wewe huyohuyo jana ulikaa dakika tisini kutazama Arsenal ikitoka sare ya bila kwa bila, na hukusongesha mbele hata mara moja.

Na kama unataka kuipiga Bloodline, ipige panapostahili. Ben Mendelsohn alishinda Emmy mwaka 2016 kwa kumwigiza Danny, na Danny alipoondoka tamthilia ilibaki inatafuta kazi: kesi, kuficha ushahidi, kukimbia huku na huku. Msimu wa tatu ndio mbovu kuliko yote. Yaani iliharibika ilipoanza kufanya kile mlichokuwa mnakitaka.

Watayarishaji wa hapa wanasema soko halitaki utaratibu. Soko halijawahi kupewa. Nipeni boma moja, mzee mmoja anayekohoa chumba cha ndani, ndugu wanne na barua moja kwa chifu. Msiweke polisi. Msiweke muziki wakati wa chakula. Na kipindi cha kwanza kiishie kwa shemeji akiuliza siku ngapi, kabla mgeni hajajibu.