KUJITANGULIZA SI CHOYO SIKU ZOTE

Wasomaji wenzangu, wapo watu wengi, hata humu shuleni mwetu, wasiolipenda agizo wanalopewa abiria wa ndege kabla ya safari. Agizo lenyewe ni hili: barakoa za hewa zikianguka kutoka juu ya viti, kila mtu avae yake kwanza, ndipo amsaidie mwenzake, hata kama mwenzake huyo ni mtoto wake wa kumzaa. Husema kwamba hiyo ni choyo, na kwamba mama wa kwetu hawezi kujitanguliza mbele ya mwanawe. Mimi naona agizo hilo ni la haki, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, yafaa tujue hali ya hewa ya juu. Kadiri mtu apandavyo, ndivyo mgandamizo wa hewa upunguavyo. Kileleni Kibo, mita 5,895, ni karibu nusu tu ya ule wa pwani. Na katika futi 35,000, ambako ndege kubwa huruka, ni kama robo. Oksijeni ipo, lakini haina nguvu ya kutosha kuingia katika damu. Kwa hiyo ndege husukumiwa hewa ndani, hata abiria akawa kama mtu aliye juu ya mlima usiozidi futi 8,000. Hewa hiyo ikitoka ghafula kule juu, asiye na barakoa hubaki na akili timamu kwa nusu dakika, au dakika moja tu.

Pili, na hili ndilo kubwa, kukosa oksijeni hakuumi. Anayezama majini hupigania roho yake, bali huyu huweza hata kuona raha. Tarehe 15 Aprili 1875, Wafaransa watatu, Tissandier, Crocé-Spinelli na Sivel, walipaa kwa puto lililoitwa Zénith, wakapita mita 8,000. Mifuko ya oksijeni walikuwa nayo. Lakini Tissandier alieleza baadaye kwamba alipotaka kuushika mrija hakuweza kuinua mkono, wala hakuona hofu bali furaha. Wenzake wawili walikufa, na oksijeni i karibu yao.

Tena, tarehe 14 Agosti 2005, ndege ya shirika la Helios ilitoka Larnaca, Kupro, kwenda Athens, na swichi ya hewa ya ndani ilikuwa imeachwa mahali pasipo pake. Honi ya hatari ililia, marubani wakaidhania ya jambo jingine. Wakazimia kabla ya kulitambua kosa. Ndege iliendelea kujiendesha mpaka mafuta yakaisha, ikaanguka Ugiriki, wakafa watu wote 121.

Basi tuone: akili, ambayo ingetuambia kuna hatari, ndiyo itangulia kuondoka. Mama anayehangaika kumvika mtoto anayelia na kujipinda huweza kuzimia kabla hajamaliza, na mtoto mdogo hawezi kumvika mama. Wote wawili wamepotea. Lakini mama akijivika kwanza kwa sekunde chache, mtoto hata akizimia atazinduka apewapo hewa.

Sisemi kwamba mila yetu ya kumtanguliza mtoto ni mbaya, la hasha. Chakula kikiwa haba, mtoto na ale kwanza, kwa kuwa njaa ya siku moja haimwondolei mama akili ya kumtunza. Lakini pale ambapo msaidizi akichelewa hawezi tena kusaidia, kujitanguliza ndiko kumpenda mtoto.

Funzo hili linatufaa hata sisi ambao hatujapanda ndege. Katika Mlima Kilimanjaro, kiongozi humwambia mpandaji aliyeanza kupepesuka ashuke, naye hubisha, "Mimi mzima!" Hajui kwamba kichwa anachokitumia kubishia ndicho kilichokosa hewa.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu, msingoje kuhisi hatari. Litiini agizo mngali na akili ya kulitii.