Rangi si dawa ya ukuta uliolowa

Mafuriko ya Aprili na Mei, 2024 yaliacha nyumba nyingi za Mathare na Mukuru, jijini Nairobi, zikiwa zimejaa matope. Maji yanapoondoka, hatari haiondoki nayo. Matope hayo huchanganyika na uchafu wa vyoo, na ukuta uliolowa huweza kuota ukungu kwa siku moja au mbili tu. Wanaoumia zaidi ni watoto na wenye pumu.

Ndiyo maana mwenye nyumba anayepaka rangi ukuta mbichi ili adai kodi mapema anauza maradhi. Rangi hiyo hubambuka na ukungu hurudi.

Kwanza matope yatolewe, sakafu na kuta zisuguliwe kwa sabuni, kisha zipanguswe kwa maji yenye jiki, madirisha yakiwa wazi. Jiki isichanganywe na dawa nyingine ya kusafishia, kwani yaweza kutoa hewa ya sumu. Godoro lililolowa maji machafu litupwe.

Halafu nyumba iachwe ikauke kabisa, hata kwa wiki kadhaa, bila mpangaji kudaiwa kodi. Hasara hiyo hufidika. Afya ya mtoto haifidiki.